Ng'ombe Aliyeharibu Vigezo

(Hotuba ya Ndugu Gabrieli Mathayo, Mratibu wa Mpango wa Ruzuku kwa Kaya Maskini kwa ajili ya Shule, kwa kifupi MRUKAMASHU, mbele ya wananchi wa Kijiji cha Itundwi, mkoani Singida, kwenye uwanja wa shule ya msingi, Agosti 1999. Imeandikwa kama ilivyosemwa, pamoja na yale yaliyosemwa na wengine wakati yeye akisema.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Selemani, Ndugu Mtendaji wa Kata, ambaye yuko njiani tangu juzi, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kristina, mama wa elimu hapa kwetu, Sheikh wetu, Mwinjilisti wetu, na kwa kuwa nawaona mmekaa benchi moja niseme tu viongozi wetu wa dini kwa ujumla wao, Ndugu Bwana Mifugo, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma pikipiki yake, Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Kutambua Kaya Maskini, ambao naona wote mmenenepa, hongereni, Ndugu Wafanyabiashara, wajenzi wa uchumi wa soko huria, mkiongozwa na Bwana Abdulazizi, mwenye lori lile la vitunguu linalonguruma pale langoni, wazee wangu, shikamooni, (Marahaba.) mama zangu, shikamooni, (Marahaba!) vijana, habari za kazi; na ninyi watoto wazuri mliosimama juani, hamjambo? (Hatujambo! Shikamoo Mheshimiwa!) Marahaba, marahaba, kaeni. Au simameni, viti vimekwisha.

Wenzangu wengi wakifika hapa husema "itifaki imezingatiwa" kisha wakakata njia kuelekea kwenye chakula. Mimi siko hivyo. Mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu unasema kwamba mtu akitajwa kwa cheo chake anapata moyo wa kusikiliza, na mtu mwenye moyo wa kusikiliza ndiye mtaji wa taifa lolote linalotaka kuingia karne ya ishirini na moja likiwa wima, katika zama hizi za utandawazi, ubinafsishaji na uchangiaji wa huduma, ambapo Serikali imetoka katika biashara ya kuuza sabuni na kuingia katika kazi kubwa zaidi ya kuratibu. Na mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, ndiye Mratibu. (Makofi machache. Mwenyekiti anawageukia watu. Makofi yanaongezeka.)

Mtakumbuka kwamba mwaka jana, mwezi kama huu, katika uwanja huu huu, kwa mikono yangu hii nilikata utepe mwekundu na kuzindua rasmi MRUKAMASHU, ambao kwa lugha nyepesi ya kitaalamu ni mfumo shirikishi na jumuishi wa uhawilishaji fedha wenye masharti, unaolenga kuchochea mahitaji ya elimu katika ngazi ya kaya, yaani kaya maskini ipewe pesa mkononi kila mwezi ili mtoto aende shule, asiende kuchunga wala kutumikia mjini. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto aonekane kwanza darasani, pesa ifuate nyuma.

(Sauti ya mwanamke: Inafuata kwa njia ipi? Mwaka umekwisha! Kicheko.)

Swali zuri, mama yangu, swali zuri sana, na linaonyesha jinsi wananchi wa Itundwi mlivyoiva kiraia. Litajibiwa katika sehemu ya tatu ya hotuba yangu. Sasa niko sehemu ya kwanza, inayohusu mafanikio.

Ndugu wananchi, mwaka juzi ukiingia darasa la nne la shule hii ulikuwa unakuta ubao, mwalimu, na mtoto wa mwalimu. Leo ingieni mkaone! Watoto wanne wanne dawati moja, na wa tano amening'inia pembeni kama popo, lakini anaandika! Kwa mujibu wa takwimu nilizokokotoa mimi mwenyewe, mahudhurio yamepanda kwa asilimia mia na saba, na msiniulize hiyo saba imetoka wapi, hiyo ni ya kitaalamu. Kule kwetu ofisini jambo kama hili tunaliita impact. Na impact, ndugu zangu, haiji hivi hivi. Inaletwa na uongozi. (Mwenyekiti anapiga makofi peke yake.)

Haikuwa rahisi. Nakumbuka siku ya kuandikisha kaya maskini. Kijiji kizima, ambacho kuku wake wanajulikana mpaka Dar es Salaam, siku hiyo hakikuwa na kuku hata mmoja. Niliuliza kuku wamekwenda wapi, nikaambiwa wamekwenda kusalimia ndugu. (Kicheko kikubwa.) Mbuzi nao wamesafiri. Nilipita nyumba moja nikasikia ng'ombe analia ndani ya chumba cha kulala, na mwenye nyumba, simtaji, amekaa pale mstari wa mbele, akaniambia ni mkewe ana kifua. (Kicheko. Mtu wa mstari wa mbele anavuta kofia usoni.) Lakini niliwasamehe, kwa sababu umaskini ni sifa kama sifa nyingine, na mtu anayegombea sifa lazima ajiandae.

Sasa nije kwenye ile nguzo ya pili ya mafanikio, nayo ni ubunifu. Mlipopewa lile sharti, mlijiuliza: wavulana wakienda shule, ng'ombe watachungwa na nani? Hapo ndipo wazee mkakaa, mkakubaliana kuchunga kwa zamu: ng'ombe wa kitongoji kizima wanakusanywa pamoja, leo anachunga baba wa nyumba hii, kesho baba wa nyumba ile, watoto wote wako darasani. Nimeambiwa hata Sheikh na Mwinjilisti walipangwa siku moja, wakazama katika mazungumzo ya kiroho, ng'ombe wakazama katika mahindi ya Mwenyekiti. (Kicheko. Sheikh anamnyooshea kidole Mwinjilisti. Mwinjilisti anamnyooshea Sheikh.) Huo utaratibu wa zamu, ndugu wananchi, nimeuandika katika taarifa yangu kama ubunifu wa Ofisi ya Mratibu, kwa sababu mliubuni mkiwa ndani ya eneo langu.

Na matokeo yake? Mwezi wa tano walikuja wageni, watu wazito, wafadhili kutoka nje. Mwalimu Kristina aliwapitisha darasa kwa darasa. Walikuta watoto wamejaa mpaka madirishani. Walitikisa vichwa kwa mshangao, wakaniambia hawajaona kijiji cha namna hii tangu waanze kazi, wakapanda gari lao wakaondoka. Nilibaki nimesimama pale nikipunga mkono, machozi yananilengalenga. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu lina upande wake wa pili.

(Honi ya lori. Mwanamke aliyeuliza swali anasimama. Ni Sijaona, mjane wa kitongoji cha bondeni. Kando yake amesimama binti mwenye sare ya shule, ameshika kifurushi cha nguo.)

Naam, mama, nakuona, kaa kidogo. Sehemu ya tatu bado.

(Sijaona: Samahani Mheshimiwa, shikamoo.)

Marahaba.

(Sijaona: Mimi naitwa Sijaona. Huyu mwanangu Hajira, yuko darasa la sita. Alikuwa mjini kwa Bi Kauthar, mke wa huyu Bwana Abdulazizi, akifanya kazi za ndani, mshahara wake ndio uliokuwa unatulisha. Ulipokuja na utepe wako nikamrudisha asome. Mwaka mzima nimeungaunga, uwele umeisha, na wadogo zake wawili wana njaa. Bi Kauthar amenitunzia nafasi, lakini amesema mwisho leo. Lori hilo likiondoka, ama Hajira yuko juu yake ama hayupo. Mimi sitaki hotuba, baba yangu. Nataka uniambie neno moja: pesa ipo nimwache mtoto asome, ama haipo apande lori?)

(Injini ya lori inazimwa.)

Ndugu wananchi, mpigieni makofi mama Sijaona! (Hakuna makofi.) Huyu ndiye mwananchi tunayemtaka, mwananchi anayehoji. Sasa, mama, umeniuliza neno moja, lakini maendeleo hayana neno moja. Ukiuliza "ipo ama haipo" unakuwa umelifunga suala katika pande mbili, wakati suala la fedha lina mchakato, mchakato una hatua, hatua zina awamu, na awamu zina kitu kinaitwa disbursement, ambacho kwa Kiswahili tungesema... ni ule ushukaji wa fedha kutoka juu kuja chini, kwa mtiririko. Fedha ni kama mvua ya Singida. Huwezi kumuuliza mtu ipo ama haipo. Unatazama mawingu.

(Sauti: Na mawingu yakoje, Mheshimiwa?)

Mawingu... mawingu yana mwelekeo. Tusitoke nje ya mada. Nilikuwa naelekea kwenye nguzo ya tatu, uendelevu, na naomba utulivu upande huu wa kulia, wazee, kuna nini hapo?

(Mzee Alute, mfugaji, amesimama kwa msaada wa fimbo. Anasema: Wewe endelea tu Mheshimiwa, hotuba ni nzuri. Sisi huku kuna jambo dogo tunalimaliza.)

Ahsante mzee wangu. Uendelevu, ndugu wananchi, ni ile hali ya kitu kuendelea hata kama aliyekianzisha hayupo, au hata kama, kwa mfano tu, nasema kwa mfano, kilichoanzishwa chenyewe hakikuwa katika hali ya kuonekana sana kwa macho. Wataalamu wa dunia wanakubaliana kwamba mtoto akishazoea kwenda shule—

(Upande wa kulia, Mzee Alute anawauliza wenzake: Jamani, watoto wetu wanasoma kwa sababu tunapokezana zamu. Sijaona hana ng'ombe, zamu haimsaidii kitu. Anakula nini? Mwingine: Kweli kabisa. Mwingine: Sasa tufanyeje, mzee? Sote mifuko mitupu.)

—akishazoea kwenda shule, hata ukimwambia abaki nyumbani atakuja. Wazee, naomba tusikilizane. Tuko mkutanoni.

(Mzee Alute: Sisi ndio tuko mkutanoni, baba, wewe uko kwenye hotuba. Kicheko. Anamgeukia Sijaona: Mama Hajira, yule ng'ombe wangu mwekundu amezaa juzi. Mchukue akae kwako, umkamue. Ng'ombe atabaki wangu, ndama atabaki wangu, maziwa yako wewe. Kunyweni mshibe, yanayobaki mwalimu na jirani wanunue. Na siku yako ya zamu utachunga kama sisi, ama nitakuchungia. Ndivyo babu zetu walivyofanya, mwenye wengi anampa asiye naye amlee. Hakuna jipya hapo.)

(Minong'ono. Wanawake wanaanza kupiga vigelegele.)

Subirini! Subirini kwanza! Mwenyekiti, wanyamazishe. Mama Sijaona, usikubali! Nakusihi kama mwanangu, usikubali haraka haraka, jambo hili lina athari za kiutaratibu. Ukifungua ukurasa wa vigezo, na mimi vigezo hivyo nimevihifadhi kichwani, utakuta imesemwa wazi kwamba kaya yenye ng'ombe siyo kaya maskini. Siku ng'ombe huyo akiingia uani kwako, unapoteza sifa! Unafutwa katika MRUKAMASHU! Utakuwa umeutupa umaskini wako, uliothibitishwa na kamati nzima, kwa sababu ya ng'ombe mmoja ambaye hata siyo wako!

(Sijaona: Nikifutwa nakosa nini, Mheshimiwa?)

Unakosa... unakosa kuwamo! Kuwamo ni jambo kubwa, mama. Kuna vijiji vinalia usiku na mchana kutaka kuwamo.

(Sijaona: Mwaka mzima nimekuwamo, na sufuria ni tupu. Watoto wangu wakinililia njaa niwaambie mama yenu yumo? Maziwa nayajua, nimeyakamua tangu nikiwa mdogo kwa baba yangu. Anamgeukia Mzee Alute, anapiga goti kidogo: Ahsante, baba. Nimempokea. Mungu akuzidishie.)

(Vigelegele vikubwa. Mtu mmoja anapaza sauti: Maziwa! Wengine wanacheka.)

Wananchi! Wananchi, mnashangilia nini? Sijafika kwenye sehemu ya kushangiliwa!

(Bwana Abdulazizi anashuka kwenye lori, anakuja mpaka mbele, anawapa wazee mkono. Anasema: Mimi sina neno. Kauthar atasikitika, alimpenda binti, lakini tutatafuta mtu mzima. Hajira, mwanangu, leta kifurushi nikusaidie kukibeba hadi kwa mama yako. Anakitua miguuni mwa Sijaona, anarudi kwenye lori, analiwasha na kuondoka. Hajira anatazama vumbi mpaka linaisha. Kisha anakwenda kusimama kwenye mstari wa darasa la sita, na wenzake wanasogea kumpisha.)

Haya. Naona mmeamua. Mimi ni muumini wa demokrasia ya vyama vingi, na mtu akiamua ameamua. Lakini ieleweke, na Mwenyekiti naomba hilo liingie katika kumbukumbu, kwamba Ofisi ya Mratibu ilitoa ushauri wa kitaalamu na ushauri huo haukuzingatiwa, na kwamba ng'ombe mwekundu wa Mzee Alute ameharibu vigezo vilivyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa.

(Mzee Alute: Nitamkanya, Mheshimiwa. Kicheko.)

Hata hivyo mimi siyo mtu wa kinyongo. Na kama nilivyoeleza katika nguzo ya tatu, ambayo hamkuisikiliza, jambo lolote jema linalotokea ndani ya eneo la utekelezaji ni sehemu ya utekelezaji. Kwa hiyo nachukua nafasi hii, kwa mamlaka niliyonayo, kumpokea rasmi ng'ombe huyo katika mpango, na katika taarifa yangu ijayo ataingia kama mafanikio yasiyotarajiwa. Mpiga picha, mpige picha ng'ombe huyo pamoja na mimi. Ng'ombe hayupo hapa? Basi nipige picha na Mzee Alute. (Mzee Alute anakataa kwa upole. Anasema anakwenda kumleta ng'ombe. Watu wanacheka, baadhi wanasimama kuondoka naye.)

Msiondoke, msiondoke jamani, nimebakiza kidogo tu! Sasa niko sehemu ya tatu. Niahidi mambo machache. Naahidi kwamba shule hii itapata bati jipya. Naahidi kisima. Naahidi kompyuta moja, na baadaye umeme wa kuiwashia. Naahidi kwamba mwakani nitarudi na utepe mrefu zaidi. (Sauti: Urudi na chakula! Kicheko.) Hilo nalo nimelipokea, litafanyiwa upembuzi yakinifu.

Ndugu wananchi, kabla jua halijatupiga zaidi, tumalizie kwa kauli mbiu. Nikisema "Mtoto", ninyi mseme "Darasani". Mtoto!

(Darasani!)

Mtoto wa maskini!

(Darasani!)

Mtoto wa mfugaji!

(Darasani! Watoto wanapiga kelele kuliko watu wazima.)

MRUKAMASHU!

(Mtu mmoja tu anajaribu: Darasani? Kicheko.)

Hewaa. Basi nitoe shukrani. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama. Namshukuru Mwenyekiti kwa kiti. Nawashukuru viongozi wa dini, Mwalimu Kristina, na kamati yenye afya njema. Nawashukuru wale wageni wa mwezi wa tano, ambao walikuja kuona kama Itundwi panafaa kuanzishiwa mpango ule ambao mimi, kwa kasi yangu ya kiutendaji na kwa kuogopa kata ya jirani isituwahi, nilikuwa nimeshauzindua kabla haujaombwa. Na ambao walipokuta watoto wenu wote wako darasani wakaandika kwamba hapa hakuna tatizo la kutatuliwa, kwa hiyo hakuna hata shilingi itakayokuja. Nakushukuru wewe mama Sijaona kwa kuniuliza mbele ya watu neno moja ambalo tangu asubuhi nilikuwa nalizunguka kama paka na maziwa ya moto. Na kwa namna ya pekee kabisa, kwa moyo wangu wote, nawashukuru ninyi wananchi wote wa Itundwi kwa kuutekeleza mwaka mzima, kwa mafanikio makubwa, kwa jasho lenu na kwa ng'ombe wenu, mpango ambao leo nimetumwa kuja kuwaambieni kwamba haukuwahi kuwepo.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Watu wanatazamana. Kisha Mwalimu Kristina anasimama, anawaambia watoto mkutano umekwisha, kipindi cha hesabu kimechelewa. Watoto wote wanaingia darasani.)